Bwawa moja, ruwaza nne: mtandao wa nyuroni unapokataa kurudia ulichoufundisha

Umefundisha mtandao mmoja ruwaza nne, yaani mifuatano minne ya namba. Kosa la mafunzo ni dogo mno. Unaondoa ingizo, unauamuru mtandao urudie ruwaza ya pili, na grafu inakuonyesha mstari ulionyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya saa hiyo.

Ninaouzungumzia ni mtandao wa nyuroni wenye mrejesho, yaani ule ambao hali yake ya sasa hurudi ndani na kuwa sehemu ya hesabu ya hatua inayofuata. Njia ya kuutawala ni ya konsepta, aliyoitoa Herbert Jaeger mwaka 2014 alipokuwa Jacobs University mjini Bremen, Ujerumani. Ziko njia nyingine. Hii nimeichagua kwa sababu kila kitu ndani yake kinapimika: nyuroni 100 tu, laptopu ya kawaida, sekunde chache, na jibu la karibu kila swali unalipata kwa kuichungulia matriksi, yaani jedwali la namba.

Wazo lenyewe ni zuri, na ukilishika nusu ya matatizo utayatatua mwenyewe. Mpiga ngoma hupiga chakacha na hupiga mdundiko kwa mikono ileile. Misuli haibadiliki anapohama kutoka mdundo huu kwenda ule, kinachobadilika ni sehemu ya mienendo anayoiruhusu. Mtandao nao una uzito uleule, yaani nguvu za viungo kati ya nyuroni, kwa ruwaza zote. Kila ruwaza ikipita ndani yake, hali za nyuroni hukusanyika katika umbo fulani, duaradufu yenye vipimo vingi, refu upande huu na jembamba upande ule. Konsepta ni matriksi inayolikumbuka umbo hilo na kuyabana yote yaliyo nje yake. Ukitaka ruwaza ya pili, weka konsepta ya pili. Uzito hauguswi.

Tukubaliane majina kabla ya dalili. Kundi la nyuroni zenye uzito wa kubahatisha naliita bwawa. Kazi ina hatua tatu. Kwanza unaliendesha bwawa kwa ruwaza:

x(n) = tanh(Wa x(n−1) + Wp p(n) + b)

x(n) ni hali ya nyuroni zote katika hatua ya n, tanh ni fomula inayoibana namba yoyote iwe kati ya −1 na 1, Wa ni uzito wa awali, Wp ni uzito wa ingizo, p ni ruwaza, b ni egemeo, yaani nyongeza isiyobadilika. Kisha unapakia: unatafuta W moja, kwa regresheni (hesabu inayotafuta uzito wenye kosa dogo kuliko yote), itakayoziwezesha hali zenyewe kufanya kazi ya ingizo kwa ruwaza zote kwa pamoja:

W x(n−1) ≈ Wa x(n−1) + Wp p(n)

Mwisho unarudia, bila ingizo, konsepta C ikiwa mlinzi wa mlangoni:

x(n) = C tanh(W x(n−1) + b)

C yenyewe hutokana na R, ambayo ni wastani wa x mara x iliyogeuzwa kutoka safu wima kuwa mstari, kwa fomula C = R (R + α⁻² I)⁻¹. I ni matriksi ya utambulisho, ile isiyobadilisha chochote. Herufi α ni upenyo: ukiwa mdogo C hubana sana, ukiwa mkubwa huachia. Juu ya hayo kuna uzito wa kusomea, unaozigeuza hali 100 kuwa namba moja ya kuchorwa. Huo hauna matata, sitaurudia.

Nikianza jaribio jipya naweka nyuroni 100, Wa yenye kipimo cha spektra (nguvu ya mrejesho wake) 1.5, Wp ya ukubwa 1.5, egemeo 0.2 na upenyo 10. Hatua 500 za mwanzo nazitupa ili bwawa lisahau lilikoanzia, kisha nakusanya hatua 1000. Ruwaza zangu nne ni mawimbi mawili ya sini yenye vipindi vya 8.83 na 9.83, na mifuatano miwili ya kubahatisha inayojirudia kila hatua tano, wa pili ukiwa ni wa kwanza uliobadilishwa kidogo. Mchanganyiko huo ni mgumu kwa makusudi. Kuna jozi mbili za ruwaza zinazofanana, na mtandao usiotawalika utazichanganya mara moja.

Kabla ya kugusa chochote: hesabu tano

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na ningependa kila anayeanza akizoee.

Chukua ruwaza inayojirudia kila hatua tano. Bwawa likiwa zima, hali zake nazo zitajirudia kila hatua tano. Kwa hiyo hata ukikusanya hatua 1000 una hali tano tu tofauti, na R yake haiwezi kuwa na thamani singula (namba zinazoeleza umbo limetanuka kiasi gani kwenye kila mhimili) zaidi ya tano zisizo sifuri. Zichape kwa mpangilio, kubwa hadi ndogo. Tano za kwanza zitakuwa na maana, na ya sita itaanguka hadi kwenye vumbi la makosa ya kompyuta, karibu na 10⁻¹⁶.

Ukiona ya sita, ya saba na ya nane zina namba za kueleweka, usiende mbele, kwa maana bwawa lako halijatulia. Huenda hukutupa hatua za mwanzo za kutosha, huenda kuna kelele umeiongeza ukasahau, au Wa ni kali mno na bwawa linaendelea na mambo yake lenyewe bila kulisikiliza ingizo. Thibitisha hivi: endesha bwawa mara mbili kwa ruwaza ileile, kila mara ukianza na hali tofauti ya kubahatisha. Baada ya hatua 500 tofauti kati ya hali hizo mbili iwe imekwisha kabisa. Isipokwisha, punguza Wa au ongeza Wp. Hii ndiyo sifa ya mwangwi, ambayo Jaeger aliieleza tangu 2001 alipoileta mitandao ya namna hii: hali ya sasa iwe mwangwi wa ingizo lililopita, na kumbukumbu ya mwanzo wake iwe imefutika.

Wimbi la sini lenye kipindi cha 8.83 halitakuonyesha ukuta kama huo. Hali zake hazijirudii kila baada ya hatua chache, kwa hiyo thamani zake singula hushuka taratibu kama mteremko. Ndiyo sababu ninasisitiza uwe na angalau ruwaza moja ya hatua tano katika kila jaribio, hata kama huihitaji. Ni mizani iliyokwisha kupimwa.

Dalili: mstari umenyooka

Angalia kwanza uko wapi. Ukiwa kwenye sifuri kamili, huenda umeanza na hali ya sifuri na egemeo hukuliweka. tanh ya sifuri ni sifuri, na mtandao hauna pa kuondokea. Anza na hali ya kubahatisha, rudisha egemeo, basi.

Lakini mstari ukisimama kwenye kimo fulani, na kimo hicho kikabadilika kila ukibadilisha mbegu ya namba za kubahatisha, tatizo ni jingine, nalo lilinila siku tatu nzima. Kosa langu la mafunzo lilikuwa dogo kiasi kwamba nilijipongeza. Nilibadilisha upenyo mara ishirini. Niliongeza nyuroni hadi 400. Mstari ulibaki pale pale, mara nyingine ukiteleza chini polepole, polepole mno, kama jahazi lisilo na upepo.

Kosa lilikuwa la hatua moja. Katika regresheni nilikuwa nimeweka x(n) upande wa kushoto badala ya x(n−1). Fikiria maana yake. Kile ambacho tanh inakipokea katika hatua ya n ndicho kinachozaa x(n). Nikiuambia mtandao ukibashiri kutoka kwenye x(n) yenyewe, nimeufundisha jambo jepesi kuliko yote: ukiwa hapa, baki hapa. Kila hali inakuwa mahali pa kusimama. Kosa la mafunzo lazima liwe dogo, maana swali lilikuwa na jibu ndani yake. Mtandao ulitii kikamilifu nilichouomba.

Jinsi ya kulinasa kosa hili bila kusoma msimbo wote: chukua hali moja halisi kutoka kwenye mkusanyiko wako, iite x(700). Hesabu tanh(W x(700) + b). Lilinganishe jibu na x(701), kisha lilinganishe na x(700). Jibu linapaswa kukaribia la kwanza. Likikaribia la pili, umeshaupata ugonjwa. Jaribio hili la mistari mitatu sasa lipo katika kila programu ninayoiandika, na linaendeshwa kabla sijachora grafu yoyote.

Dalili: ruwaza inaanza vizuri, kisha inafifia

Mawimbi mawili matatu ya mwanzo ni mazuri, kisha yanapungua kimo hadi yanakufa. Hapa mshukiwa wa kwanza ni upenyo mdogo, na ni vyema kuona kwa namba jinsi unavyoua.

Kila mhimili wa R wenye thamani σ hugeuka katika C kuwa s = σ / (σ + α⁻²). Tuseme mihimili mitatu ya ruwaza yako ina σ za 4, 0.01 na 0.0001. Upenyo ukiwa 10, α⁻² ni 0.01, kwa hiyo s ya kwanza ni 0.9975, ya pili ni 0.5 na ya tatu ni takriban 0.01. Mhimili mkuu unapita karibu wote, wa pili nusu, wa tatu umefungiwa nje. Sasa teremsha upenyo hadi 1. Ile ya kwanza inakuwa 0.8 na ya pili 0.0099. Hata mhimili mkuu unakatwa sehemu ya tano katika kila hatua, na 0.8 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi inabaki takriban 0.11. W inaweza kurudisha sehemu ya nguvu hiyo, ila haiwezi kushindana na mkato wa kila hatua.

Usipandishe upenyo kwa kubahatisha. Kuna kipimo cha haki. Wakati wa kurudia, iite z hali kabla ya kupita kwenye C, na x hali baada ya kupita. Gawanya jumla ya |z − x|² kwa jumla ya |z|². Namba hiyo inakuambia ni kiasi gani cha nguvu konsepta inalazimika kukata. Jaribu upenyo kwa kuruka ruka: 1, 3, 10, 30, 100, 300. Mara nyingi namba hushuka, hufika bondeni, kisha hupanda. Chagua bondeni. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakiihitaji ruwaza ya asili kwa kulinganisha, mtandao wenyewe ndio unaokuambia ulipo raha. Kila ruwaza iwe na upenyo wake, hakuna sheria inayodai zote zifanane. Ukiwa umeitunza R, kubadilisha upenyo ni hesabu ya mstari mmoja, huhitaji kuliendesha bwawa upya.

Bonde likikosekana, yaani namba ni kubwa kila mahali, hamia kwenye regresheni. Ili isiyumbe, regresheni ya W huwekewa breki, namba ndogo inayojumlishwa kwenye mlalo wa matriksi (namba za kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia) kabla ya kutafuta kinyume chake. Breki kubwa mno hupunguza W na ruwaza hukosa nguvu. Breki ndogo mno huleta shida ya upande wa pili: W yenye namba kubwa kubwa zinazopigana, ambayo kwenye data ya mafunzo inapendeza, na kwenye kurudia inalipuka kwa kosa dogo la kwanza. Mimi naanza na 0.0001, kisha nalinganisha wastani wa ukubwa wa namba za W na za Wa. W ikiwa kubwa kuliko Wa kwa mbali, sisongi mbele.

Dalili: vurugu, au ruwaza inahamia kwa jirani yake

Uliomba sini ya 8.83, ukapata ya 9.83. Au ulianza na ile ya hatua tano, baada ya muda inageuka ndugu yake. Au hakuna kinachotambulika.

Angalia kwanza kama C inafanya kazi katika kila hatua. Nimeona wengi wanaoiweka mwanzoni tu, kama ufunguo wa kuwashia gari. Konsepta si ufunguo, ni usukani. Ukiiachia, mtandao wenye ruwaza nne ndani yake unakuwa huru, na mtandao huru hauahidi chochote.

Halafu pima umiliki: jumla ya mlalo wa C ukigawa kwa idadi ya nyuroni. Namba hii iko kati ya 0 na 1, na inaeleza konsepta imeshika sehemu gani ya bwawa. Ruwaza ya hatua tano katika nyuroni 100 haiwezi kuzidi 0.05. Kwa ruwaza nyingine, kama sini, ukiona 0.9, upenyo wako ni mkubwa kupita kiasi, C imekaribia kuwa matriksi ya utambulisho, na mlinzi amelala mlango ukiwa wazi. Rudi kwenye bonde.

Umiliki ukiwa mzuri na bado ruwaza zinahama, pima ukaribu wa konsepta mbili zinazogombana: chukua jumla ya mlalo wa C1 mara C2, igawe kwa zao la ukubwa wa C1 na ukubwa wa C2, ukubwa wa matriksi ukiwa ni mzizi wa jumla ya miraba ya namba zake zote. Jibu likiwa karibu na 1, konsepta hizo ni kama pacha, na hakuna usukani utakaozitenganisha. Tiba iko nyuma, kwenye bwawa. Wp ikiwa ndogo sana, nyuroni zote zinafanya kazi katika sehemu ya tanh iliyonyooka, na ruwaza mbili zinazokaribiana zinaacha nyayo zinazokaribiana. Ongeza Wp kidogo, tanh ianze kupinda, na tofauti ndogo za ruwaza zitapata mihimili yao. Kuongeza nyuroni nako kunasaidia, lakini liwe jambo la mwisho. Katika uzoefu wangu kuongeza nyuroni ndiyo njia ya haraka ya kuficha kosa usilolielewa.

Dalili: umbo ni lake, ila limepinduka juu chini

Hii huwashangaza watu na ina sababu moja safi. Bila egemeo, tanh haitofautishi juu na chini: ukigeuza alama ya hali, jibu linageuka alama tu. Kwa hiyo kama mtandao unaweza kurudia ruwaza, unaweza pia kurudia kivuli chake kilichopinduliwa, na mahali ulipoanzia ndipo panapoamua. Kwenye sini hutagundua, maana sini iliyopinduka ni sini iliyosogezwa. Kwenye ruwaza ya kubahatisha inaonekana wazi. Weka egemeo. Hata 0.2 inatosha kuuvunja ulinganifu huo.

Dalili: grafu inapendeza, kosa ni 1.4

Hakuna ugonjwa hapa. Mtandao unaojiendesha wenyewe hauna saa ya kuuambia ruwaza ya asili ilianza lini, kwa hiyo unarudia umbo lilelile kwa awamu nyingine. Ukilinganisha hatua kwa hatua mawimbi mawili ya nguvu moja yasiyohusiana, kosa sanifu (mzizi wa wastani wa miraba ya tofauti, ukigawa kwa mkengeuko wa kawaida wa wimbi) linafika mzizi wa 2, ambao ni 1.41. Ukiona namba hiyo, isogeze moja ya grafu hadi zilingane ndipo upime. Kwa kipindi kisicho namba kamili kama 8.83 usisogeze kwa hatua nzima nzima: jaza kwanza nukta za katikati, kama ishirini kati ya kila hatua mbili, vinginevyo utaulaumu mtandao kwa kosa la rula yako.

Dalili: namba zimegeuka kuwa zisizo na mwisho, au si namba

Vyanzo viwili vinatosha kueleza kesi nyingi.

Cha kwanza: unapotafuta W, umeirudisha hali nyuma kwa kinyume cha tanh. Nyuroni iliyoshiba ina thamani iliyo karibu sana na 1. Ukitumia namba za biti 32, tanh ya 10 tayari inaandikwa 1 kamili, na kinyume cha tanh ya 1 hakina mwisho. Huhitaji kurudi nyuma hata kidogo. Wa x(n−1) + Wp p(n) ulikuwa nayo mkononi wakati wa kuendesha, kabla ya tanh. Itunze hiyo.

Cha pili: umeanza kuziunganisha konsepta kimantiki. Hii ni sehemu ninayoiona nzuri kuliko zote katika kazi ya Jaeger: konsepta zina SI, NA na AU, kama kauli za mantiki. SI ya C ni I − C. AU ya mbili ni umbo linalozibeba zote. NA ni kile zinachoshirikiana. Fomula ya kitabuni ya NA inataka kinyume cha C, na ruwaza ya hatua tano, kama tulivyoona, ina mihimili mitano hai na 95 mifu, kwa hiyo kinyume hakipo. Kwa AU, usipite huko kabisa: jumlisha R za ruwaza hizo, kisha tengeneza konsepta kutoka kwenye jumla kwa upenyo uleule. Jibu ni lilelile na hakuna cha kulipuka. Kwa NA tumia njia inayotafuta kwanza nafasi ambayo mihimili hai ya zote mbili inakutana, na ufanye hesabu ya kinyume ndani ya nafasi hiyo tu.

Dalili: ruwaza ya kumi imeziua za mwanzo

Hili ndilo jeraha la zamani la mitandao ya nyuroni. Michael McCloskey na Neal Cohen walilieleza mwaka 1989: fundisha jambo jipya, la zamani linafutika, tena kwa ghafla, si kidogo kidogo kama sisi binadamu. Anayefundisha mtandao wake kwa gradienti, yaani kwa kurekebisha uzito kidogo kidogo kufuata kosa, analikuta kila siku, na kwake dawa ya kwanza ni kuchanganya ruwaza zote katika kila fungu la mafunzo badala ya kumaliza moja ndipo aanze nyingine.

Katika bwawa letu, ukipakia zote kwa pamoja tatizo hili halipo hadi nafasi iishe. Linaanza pale unapopata ruwaza mpya wiki ijayo, huna tena hali za zile za zamani, ukafanya regresheni upya kwa mpya peke yake. Umeandika juu ya karatasi iliyokwisha kuandikwa.

Badala yake fanya kama mkulima mwenye shamba moja: uliza kwanza wapi hapajapandwa. Tengeneza A, ambayo ni AU ya konsepta zote ulizonazo. F = I − A ni ardhi iliyobaki. Iache Wa kama ilivyo na uweke kando yake matriksi ya pili, D, ambayo kazi yake ni kuigiza ingizo, ili D x(n−1) ≈ Wp p(n). Ruwaza mpya ikija, tafuta pengo: kile ambacho D ya sasa inashindwa kukibashiri. Jifunze pengo hilo tu, tena kutoka kwenye F x(n−1), si kutoka kwenye x nzima. Unachokipata jumlisha kwenye D. Mihimili ya zamani inabaki karibu kama ilivyokuwa, kwa sababu somo jipya limepita mahali ambapo yenyewe haipo.

Na hapa kuna zawadi. Ruwaza mpya ikiwa ni ndugu wa zile zilizopo, pengo linakuwa dogo, na umiliki wa A hauongezeki sana. Chora umiliki wa A baada ya kila ruwaza na uutazame mchoro huo kwa makini. Ukipanda kwa ngazi za kimo kilekile, ruwaza zako ni ngeni kwa ngeni. Ukipanda na kulala, mtandao umegundua ukoo. Ukikaribia 1, shamba limejaa, na hapo, hapo tu, ndipo nakubali kuongeza nyuroni. Ukiona ruwaza za mwanzo zinaharibika ilhali umiliki wa A bado uko 0.5, usisingizie nafasi. F imehesabiwa vibaya, au kila konsepta imetengenezwa kwa upenyo wake na ukazijumlisha R bila kuzioanisha.

Ukitaka ruwaza iliyo katikati ya mbili

Changanya konsepta: (1 − μ) C1 + μ C2. Kwa sini mbili, μ ikitoka 0 kwenda 1, kipindi husogea kutoka kimoja hadi kingine, na unaweza hata kuzidi 1 kidogo ukapata wimbi la polepole kuliko yote uliyoyafundisha. Ikikatika katikati, punguza kasi ya kubadilisha μ. Mtandao unahitaji hatua kadhaa kutulia kwenye kila umbo.

Ruwaza zisizotabirika

Njia hii inashika hata mifumo ya kikayosi, ile inayofuata kanuni lakini haitabiriki kwa muda mrefu. Jaeger alipakia minne, Lorenz, Rössler, Mackey-Glass na Hénon, katika bwawa moja la nyuroni 500. Ukijaribu, sahau kulinganisha hatua kwa hatua. Kosa dogo la mwanzo hukua hadi njia mbili zinaachana kabisa, hata kama mtandao hauna kasoro. Chora x(n) dhidi ya x(n−1), au dhidi ya hatua chache nyuma, na ulinganishe maumbo. Upenyo mdogo huliminya bawa la Lorenz hadi linabaki kitanzi kinachojirudia. Mkubwa mno hulitupa nje ya umbo lake. Kati ya hapo na hapo kuna nafasi nyembamba kuliko ya sini, kwa hiyo kwenye bonde la upenyo tembea kwa hatua ndogo: baada ya 30 jaribu 36, kisha 43, na uiache programu izunguke hatua 2000 kabla ya kuamua kwamba kitanzi ulichokiona ni cha kudumu.